Ubatizo kwa ajili ya wafu: Wamormoni wanamaanisha nini hasa

Wengi wakisikia Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lililoanzia Marekani, wanabatiza wafu wanapata picha ya maiti kufukuliwa na kutumbukizwa majini. Hapana jamani, hakuna maiti pale. Anayeingia majini ni mtu hai, mara nyingi kijana tu wa miaka 11 au 12 na kuendelea, kavaa nguo nyeupe, anazamishwa mwili wote kama ubatizo wao wa kawaida, ila jina linalotajwa ni la marehemu na mbatizaji anasema wazi kabisa kwamba ni kwa niaba ya fulani ambaye ameshafariki. Anainuka, anafuta maji usoni, linasomwa jina lingine, anazamishwa tena, na kwa siku moja anaweza kuwasimamia marehemu kadhaa.

Sasa kwa nini wafanye hivyo? Wanaamini bila ubatizo huingii ufalme wa Mungu, hapo wako sawa na Wakristo wengi, lakini swali linabaki, na waliokufa bila hata kusikia jina la Yesu je? Kwa Joseph Smith, mwanzilishi wao, hili lilikuwa la nyumbani kwao. Kaka yake mkubwa Alvin alifariki Novemba 1823 akiwa na miaka 25, hajabatizwa, na mhubiri kwenye mazishi akaongea kama vile Alvin keshaenda motoni. Fikiria familia imekaa pale inasikiliza hayo. Mwaka 1836 Joseph akasema ameonyeshwa Alvin yuko mbinguni, alafu tarehe 15 Agosti 1840 kule Nauvoo, mji wa jimbo la Illinois walikokuwa wakiishi waumini wake, akihubiri kwenye mazishi ya Seymour Brunson, akashika 1 Wakorintho 15:29, pale Paulo anapowataja wanaobatizwa kwa ajili ya wafu, akatangaza kwamba walio hai wanaweza kubatizwa kwa niaba ya ndugu zao waliotangulia.

Haikuchukua hata mwezi. Septemba hiyo hiyo mama mmoja, Jane Neyman, akaingia mto Mississippi kubatizwa kwa ajili ya mwanae Cyrus aliyekuwa amefariki, na mwanamke mwingine, Vienna Jaques, akaingiza farasi wake ndani ya maji ili asogee karibu asikie maneno yanayotamkwa. Hapo mwanzo hawakuwa na utaratibu, mwanamke alibatizwa kwa ajili ya mwanaume na kinyume chake, baadaye ndio ikawekwa kwamba mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke, na mtoni kukasimamishwa, ikawa lazima iwe hekaluni, kwenye kisima cha ubatizo kilichobebwa na sanamu za ng'ombe 12, mfano wa ile bahari ya shaba, yaani birika kubwa la maji, ya hekalu la Suleimani.

Lakini kiini chenyewe ndio watu wanakiruka. Wao hawasemi marehemu amegeuka Mmormoni. Wanasema roho yake huko iliko inafundishwa injili na ina hiari yake, inaweza kukubali au kukataa. Ni kama mtu amekukatia tiketi ya basi akaiacha ofisini kwa jina lako, kupanda au kutopanda ni juu yako. Nimeona watu wakibishana masaa mawili mazima kwa sababu hilo moja halikuelezwa tangu mwanzo.

Ndio maana pia kanisa hili limewekeza sana kwenye nasaba, huwezi kumfanyia mtu usiyemjua jina, kwa hiyo tangu 1894 wana shirika la kukusanya kumbukumbu za koo kule Utah, jimbo la Marekani walikohamia baada ya Nauvoo, na leo tovuti yao ya FamilySearch inatumiwa bure hata na watu ambao dini hiyo haiwahusu kabisa.

Hata hivyo malalamiko yapo na mimi naona ni ya haki. Wayahudi walikuta majina ya ndugu zao waliouawa na Wanazi yamefanyiwa ubatizo huu, na mtu aliyeuawa kwa sababu ya Uyahudi wake ukimbatizia jina lake, hata ukisema ni hiari, unawatonesha kidonda waliobaki. Mwaka 1995 kanisa lilikubaliana nao kuacha, ila majina yakaendelea kupenya ikabidi wabane zaidi. Siku hizi aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita lazima ndugu wa karibu aridhie.

Kuna Jane mwingine siwezi kumwacha, Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyetembea kwa miguu mwaka 1843 kutoka Buffalo hadi Nauvoo, maana yeye na wenzake walikataliwa kupanda meli, wakatembea mpaka viatu vikaisha na nyayo zikatoa damu. Alipofika Utah aliruhusiwa kubatizwa kwa ajili ya ndugu zake waliofariki, lakini ibada za juu za hekaluni, zile za kuweka maagano na Mungu, alizoomba miaka na miaka, alinyimwa kwa sababu ya rangi yake, na akafariki 1908 bado anasubiri. Zuio hilo kwa watu weusi liliondolewa Juni 1978. Mwaka uliofuata, ndani ya hekalu la Salt Lake, mtu aliye hai akasimama kwa niaba ya Jane na ibada aliyokuwa akiiomba ikafanyika kwa jina lake.