Fildi bila barua, na hofu ya "sheria ya takwimu"

Msimu wa fildi, yaani wanafunzi kwenda kukusanya data za tafiti zao, umeanza na malalamiko nayo yameanza. Wiki mbili hizi dawati letu la tafiti za uzamili limepokea wanafunzi wa sera za umma na uchumi waliozuiwa mitaani kwa kukosa barua, wengine wanataka kubadili mada kabisa kwa sababu wameambiwa na wenzao eti ukitoa takwimu zako mwenyewe unafungwa. Hapana jamani.

Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilitungwa 2015. Mwaka 2018 ikarekebishwa, ndipo likaja katazo la kutoa takwimu za kupotosha zile rasmi, adhabu yake faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote pamoja. Mwaka 2019 Bunge likairekebisha tena, jinai hiyo ikaondolewa na haki ya kila mtu kukusanya na kusambaza takwimu ikaandikwa. Imepita miaka mingi na bado mtu ananionyesha kwenye simu habari ya 2018. Someni sheria kama ilivyo leo, nawaomba sana.

Ila haki hiyo haiondoi utaratibu. Andiko lako la utafiti likishapitishwa, chuo kinakupa kibali cha utafiti, unakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unakuandikia barua ya kwenda wilayani au halmashauri, halmashauri inakuandikia ya kata, mtendaji wa kata anakutambulisha mtaani. Kila ngazi acha nakala na ubaki na yako yenye muhuri. Kama utafiti wako unagusa afya ongeza kibali cha maadili, na Zanzibar ina utaratibu wake, barua ya bara usiibebe kule ukadhani imetosha. Inachukua muda ndiyo, kwa hiyo anza mapema, usije kutulilia wiki ya mwisho.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Mwezi uliopita dada mmoja alikuja na rambo imejaa madodoso (karatasi za maswali) 200, mada yake nzuri sana, mama ntilie na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Nikafungua la kwanza: jina kamili, namba ya simu, chini yake "unadaiwa shilingi ngapi" na "umewahi kunyang'anywa kitu gani", mama wa watu kajibu jiko la gesi na godoro. Halafu kumbe kurasa zote zilipigwa picha zikarushwa kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa kuingiza data! Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, ukitoa taarifa za mtu nje ya lengo ulilozikusanyia faini kwa mtu binafsi inaanzia laki 1 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote, na ikiwa ni taasisi inaanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Lakini hata kabla ya faini, yule mama alikuamini, kakuambia deni ambalo huenda mumewe hajui.

Kingine, sio kila swali linahitaji dodoso jipya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wameweka data ghafi za tafiti za kaya mtandaoni, unajisajili unaomba unapewa, na bado watu wanazunguka juani kutafuta kitu kilichopo tayari. Ukizitumia soma na maana yake basi. Ile asilimia 26.4 ya umaskini wa mahitaji ya msingi, Tanzania Bara 2017/18, nimeikuta kwenye tasnifu imeandikwa kuwa ni Watanzania wasio na ajira! Ni watu ambao matumizi yao yako chini ya shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, hesabu ya ajira ni utafiti mwingine kabisa. Na wewe ukihoji mama ntilie 200 wa soko moja, andika ni wa soko hilo na uliwapataje, usiandike "wanawake wa Tanzania".

Yule dada tulikaa naye mchana mzima tukikata sehemu za majina na namba za simu na mkasi, kila dodoso likapewa namba tu, M001 mpaka M200, orodha ya majina ikafungiwa kabatini, picha zikafutwa simu moja moja mbele yetu. Wiki iliyopita alirudi sokoni na barua ya kata, akawaeleza wale mama kilichotokea na kuwaomba ridhaa upya, wanne wakakataa, madodoso yao tumeyatoa, sasa anaendelea na 196.