Udhibiti wa ndani si mkaguzi wa ndani

Majuzi nilikaa kwenye kikao cha kampuni moja ya usambazaji jijini Dar es Salaam, ambako mzigo wa stoo ulikuwa umepungua na hakuna aliyejua umekwenda wapi. Mkurugenzi akatutuliza: "Jamani, msiwe na wasiwasi, udhibiti wa ndani tumeshauimarisha. Tumeajiri mkaguzi." Watu wakatikisa vichwa kukubali, katibu akaandika kwenye muhtasari, mimi nikaendelea na chai yangu. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, serikalini na kwenye kampuni binafsi, na kila mara nimeiacha ipite.

Udhibiti wa ndani ni taratibu zote ambazo kampuni imejiwekea ili mali isipotee, hesabu ziaminike na sheria zifuatwe. Unatekelezwa na kila mtu, kuanzia bodi hadi mlinzi wa getini anayelinganisha karatasi ya mzigo na kilichomo kwenye gari. Ukaguzi wa ndani ni kazi ya mtu asiyeziendesha taratibu hizo, anayekuja kupima kama zipo, kama zinafuatwa na kama zinatosha. Basi. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Ila maneno yenyewe yana habari. Dhibiti tumeitoa kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kushika kitu barabara kisiponyoke. Ndugu yake ni madhubuti. (Thabiti ni mzizi mwingine kabisa, wa kutulia mahali pamoja, ingawa sikio la haraka huyachanganya, ndiyo maana tunaletewa ripoti zenye "kuthibiti matumizi".) Kwa hiyo anayedhibiti ana mkono juu ya kitu kabla hakijaondoka. Kukagua ni kazi ya jicho. Tunakagua gwaride, tunakagua shamba, tunakagua madaftari ya wanafunzi. Anayekagua gwaride hakulipanga yeye, na akiingia mstarini kunyoosha bega la askari, hapo ameacha kukagua. Waingereza nao neno lao la ukaguzi linatokana na Kilatini cha kusikia, kwa sababu zamani hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya mtu aliyekaa kusikiliza. Jicho au sikio, mkono haumo.

Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura nawasamehe. Neno la Kifaransa wanalolitumia, kontrole, asili yake ni gombo la pili la hesabu lililotunzwa ili kulinganishwa na la kwanza, na mpaka leo kwa Kifaransa linabeba maana ya kukagua, hata kukaguliwa kitambulisho barabarani. Huko mchanganyiko umezaliwa na lugha yenyewe. Sisi tuna maneno mawili yaliyo mbalimbali kabisa na bado tunayakoroga.

Pengine chanzo ni cheo tunachokisikia kwenye redio kila Aprili, ripoti zinapofika bungeni: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wengi hukisoma kana kwamba ni neno moja lililorefushwa kwa heshima. Lakini ile "na" ina kazi. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inampa mwenye cheo hicho wajibu wa kuhakikisha kwamba fedha zinazotoka Mfuko Mkuu wa Hazina zimeidhinishwa, na hapo ni mdhibiti, fedha bado hazijatoka. Halafu inampa wajibu wa kukagua hesabu angalau mara moja kila mwaka, na hapo ni mkaguzi, fedha zimeshatumika. Kenya walizitenganisha kazi hizo kwenye Katiba ya 2010: Ibara ya 228 ina Msimamizi wa Bajeti, anayeidhinisha fedha kutoka, na ya 229 ina Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Anayedhani ninabishana kuhusu maneno tu aitazame benki ya Barings ya London. Nick Leeson, kijana wao wa Singapore, alikuwa akinunua na kuuza mikataba kwenye soko, na papo hapo alikuwa bosi wa watu wa kuirekodi na kuilipia mikataba hiyohiyo. Mwaka 1994 wakaguzi wa ndani walikwenda, wakaliona, wakaandika kwamba majukumu hayo yatenganishwe. Ripoti ikapokelewa, mambo yakabaki vilevile. Februari 1995 benki iliyoanzishwa 1762 ikaanguka kwa hasara ya pauni milioni 827, iliyofichwa kwenye akaunti namba 88888. Jicho lilikuwepo na liliona vizuri.

Nirudi kwenye stoo yetu. Pale mtu mmoja alikuwa anapokea mzigo, anajaza kadi za stoo, anatoa mzigo, na mwisho wa mwezi anahesabu kilichobaki. Mkaguzi mpya anaweza kufika kila Jumatatu na bado akakuta kadi na hesabu vinakubaliana, kwa sababu vyote vimeandikwa kwa kalamu moja. Ataandika hoja, yaani dosari inayotakiwa kujibiwa, ndiyo. Hoja hiyo haitafunga mlango mpaka mwenye kampuni aamue kwamba anayetunza kadi asiwe anayetunza mzigo. Uamuzi huo ni wa menejimenti, na ndio unaoitwa kuimarisha udhibiti.

Kinachoniudhi zaidi ni hatua inayofuata. Mkurugenzi akishaamini kwamba mkaguzi ndiye udhibiti, anamtaka asaini kila vocha ya malipo kabla hundi haijaandikwa. Wanauita "ukaguzi wa awali", na baadhi ya wakaguzi huipenda kazi hiyo kwa kuwa inawapa heshima: hakuna anayelipwa bila kupita kwao. Vocha ni lazima ipitiwe na mtu wa pili kabla ya malipo, hilo sipingi. Lakini mtu huyo awe wa idara ya fedha. Mkaguzi akishasaini, mwisho wa mwaka atafungua faili la malipo akutane na saini yake mwenyewe kwenye kila karatasi, na sijawahi kumwona mtu akijiandikia hoja.

Baada ya kikao nilimfuata katibu. Nilimwomba tu, kwa upole, kama muhtasari haujasainiwa, ile sentensi aigawe mara mbili: "Kampuni imeajiri mkaguzi wa ndani. Mtu wa kutunza kadi za stoo bado hajapatikana."