Kazi ya baada ya kifo: maana yake, na mikono iliyomo ndani yake

Kazi ya baada ya kifo ni andiko linalochapishwa kwa mara ya kwanza wakati mwandishi wake amekwisha kufariki. Kitabu kilichotoka mwandishi akiwa hai, kikaja kuchapwa upya baada ya mazishi, hakihesabiwi humo. Kinachohesabiwa ni mswada uliobaki mezani, daftari la mashairi, shajara, furushi la barua, hata karatasi mojamoja zisizoungana, ambazo mtu mwingine alizichukua, akazipanga na kuzipeleka kwa mchapishaji. Huyo mtu mwingine ndiye kiini cha dhana yenyewe. Bila yeye kitabu hakipo. Na kwa kuwa mwandishi hayupo tena wa kusema "hapa sikukusudia hivi", kila uamuzi wa mtu huyo huingia kitabuni na kusomwa kana kwamba ni wa marehemu.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Franz Kafka. Alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea sheria, na kuanzia 1908 akaajiriwa katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi hadi afya ilipomshinda mwaka 1922. Usiku aliandika kwa Kijerumani. Kifua kikuu kilimpanda hadi kooni, akafariki tarehe 3 Juni 1924 katika sanatoria ya Kierling karibu na Vienna, akiwa na miaka 40. Alikuwa amechapisha vitabu vichache vyembamba vya hadithi fupi. Riwaya zake tatu zilikuwa bado miswada, na hakuna hata moja aliyoikamilisha.

Katika karatasi zake, rafiki yake tangu chuo kikuu, Max Brod, alikuta maagizo mawili aliyoandikiwa yeye. Moja lilimtaka achome kila kitu bila kukisoma: shajara, miswada, barua, michoro. La pili lilitaja kazi chache ambazo Kafka alizikubali, zote zikiwa zimekwisha kuchapishwa, na hata hizo hakutaka zichapwe tena. Brod hakuchoma kitu. Alitoa riwaya ya Der Prozess mwaka 1925, Das Schloss mwaka 1926 na Amerika mwaka 1927. Sifa kubwa aliyonayo Kafka duniani imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya vitabu hivyo vitatu, ambavyo mwenyewe aliagiza viwe majivu.

Brod alijitetea kwamba alikwisha kumwambia Kafka ana kwa ana, miaka kabla ya kifo, kuwa akiachiwa agizo la namna hiyo hatalitekeleza. Kama Kafka alikuwa amedhamiria, angemteua mtu mwingine. Mimi naikubali hoja hiyo. Mtu anayetaka karatasi zake ziteketee huziteketeza mwenyewe au humpa kazi hiyo mtu atakayetii, na Kafka alikuwa naye mtu kama huyo: Dora Diamant, aliyeishi naye katika miezi ya mwisho, alichoma baadhi ya maandiko kwa ombi lake. Kumpa Brod agizo hilo kulikuwa kumpa mtu ambaye jibu lake linajulikana.

Ila kuokoa ni jambo moja na kuhariri ni jingine. Kafka aliandika sura ya kwanza na ya mwisho ya Der Prozess mapema, kisha akaandika za katikati bila kuzipanga. Mpangilio tuliousoma kwa miongo ni wa Brod. Jina la Amerika ni la Brod pia; Kafka aliiita kwa jina linalomaanisha mtu aliyepotea asijulikane alipo. Das Schloss inakatika katikati ya sentensi, lakini toleo la 1926 liliishia mapema zaidi, mahali palipofanana kidogo na mwisho. Brod alifanya hivyo kwa mapenzi, maana alijua wasomaji wa wakati ule wasingemtazama mara mbili mwandishi asiyejulikana mwenye riwaya zilizokatika. Hata hivyo msomaji alikuwa anasoma watu wawili huku jaladani pana jina la mmoja.

Mwaka 1939, majeshi ya Hitler yalipoingia Prague, Brod alikimbilia Palestina akiwa amebeba karatasi hizo katika sanduku. Alipofariki Tel Aviv mwaka 1968, zilibaki kwa katibu wake, Esther Hoffe. Mwaka 1988 mswada wa Der Prozess uliuzwa mnadani London kwa pauni milioni moja, ukaenda kwenye hifadhi ya fasihi ya Marbach, Ujerumani. Baada ya Hoffe kufariki mwaka 2007 ikaja kesi ndefu, na mwaka 2016 mahakama kuu kabisa ya Israel ikaamua kwamba karatasi zilizosalia ziende Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo. Ndiyo sababu usimamizi wa maandiko, yaani kuachiwa karatasi za marehemu, si cheo cha heshima tu. Msimamizi anakabidhiwa mali yenye thamani ya fedha, na asipoandika wazi nani atamrithi yeye, ugomvi unahamia kwa watu ambao hawakumjua mwandishi kabisa.

Kisa cha Kafka si cha kwanza. Virgil, mshairi wa Roma, alifariki mwaka 19 kabla ya Kristo akitaka utenzi wake wa Aeneis uchomwe kwa kuwa haujakamilika. Kaisari Augusto akaamuru uchapishwe, na rafiki wawili wa mshairi, Varius na Tucca, wakaupitia. Mistari iliyoishia nusu imo humo hadi leo. Waliiacha ilivyo, na huo kwangu ni uhariri wa heshima kuliko wa Brod.

Emily Dickinson naye anaonyesha upande mwingine wa jambo. Aliishi Amherst, Massachusetts, akafariki mwaka 1886 akiwa amechapisha mashairi yapatayo kumi tu, bila jina lake. Dada yake Lavinia alichoma barua, kama ilivyokuwa desturi na kama alivyoombwa, kisha akakuta mashairi, mengi yameshonwa kwa mkono katika vijitabu 40. Kwa jumla yamehesabiwa karibu 1,800. Diwani ya kwanza ilitoka 1890 chini ya wahariri Mabel Loomis Todd na Thomas Higginson, nao walimnyoosha. Vistari vyake virefu, ambavyo ndivyo pumzi ya mashairi yale, viliondolewa na mahali pake pakawekwa mkato na nukta. Vina visivyokaa sawa vilirekebishwa. Mashairi yasiyo na vichwa yalipewa vichwa. Shairi lake mashuhuri ambalo Kifo kinampitia kwa gari la farasi lilitoka likiwa na kichwa asichokiweka na ubeti mzima umeachwa. Ugomvi wa familia ukazigawa karatasi pande mbili, na ilibidi kusubiri mwaka 1955 ndipo Thomas Johnson akatoa mashairi yote jinsi yalivyoandikwa. Kwa miaka 65 watu walimpenda mshairi aliyekuwa, kwa kiasi fulani, amesahihishwa.

Kwa Fernando Pessoa wa Ureno swali ni gumu zaidi. Alilelewa Durban, Afrika Kusini, akarudi Lisbon mwaka 1905, na alipofariki mwaka 1935 aliacha sanduku lenye karatasi zaidi ya 25,000. Kutoka humo ndimo kilimotolewa Livro do Desassossego mwaka 1982, miaka 47 baada ya kifo chake. Ni vipande vya tafakuri vilivyowekwa kinywani mwa karani wa hesabu wa kubuni, Bernardo Soares. Pessoa hakuacha mpangilio, hivyo kila mhariri amepanga apendavyo, na matoleo mawili yanaweza kuanza na kuishia mahali tofauti kabisa. Mswada uliokamilika unahitaji mchapishaji tu. Uliokatika unahitaji mhariri mwaminifu. Rundo la Pessoa lilihitaji mtu wa kukitengeneza kitabu.

Tuje pwani yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, alitunga juu ya vita vya Wamazrui na Seyyid Said, juu ya mapenzi, njaa, madeni na vijembe vya mtaani. Mashairi yake hayakuwa na kitabu. Yalikaa vifuani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari William Taylor, aliyeyanakili na kuyatolea maelezo. Diwani yenyewe ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940 na William Hichens, karne nzima baada ya mshairi kufariki. Nakala za Taylor ziko London. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa Kenya kitabu kinachoyachambua tena.

Hapa mikono ni mingi kuliko kwa Kafka: waliohifadhi kwa moyo, aliyekusanya, aliyenakili, aliyechapisha. Kila mmoja aliweza kusahau neno au kuweka jingine. Nasikitika kwamba jina la Mwalimu Sikujua halitajwi mara nyingi kama la Taylor, ilhali bila masikio yake na uaminifu wake kwa wazee wa Mombasa tusingekuwa na Muyaka wa kusoma. Kama Brod anaitwa mwokozi wa Kafka, Sikujua anastahili jina hilo kwetu.

Shaaban Robert ni hali nyepesi zaidi. Alifariki Juni 1962, na baadhi ya kazi zake zilikuwa zingali miswada. Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya Vita vya Pili vya Dunia, ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968. Ukishika nakala ya mojawapo, tazama mwaka wa toleo la kwanza, uulinganishe na mwaka wa kifo: utajua kwamba mwandishi hakuipitia prufu, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Neno likikutatiza, au sentensi ikionekana si ya kwake, una haki ya kuuliza kama ni kalamu yake au ni la mpiga chapa.

Sheria ina neno lake dogo hapa. Mkataba wa kimataifa wa Berne unataka hakimiliki idumu walau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi za Ulaya zinatumia miaka 70. Katika muda huo warithi ndio wanaoamua nini kichapishwe. Wosia unaotaja nyumba na shamba ukasahau miswada unaliacha swali hilo kwa yeyote atakayelishika kabati.

Na warithi wanaweza kuamua kinyume cha marehemu, kama zamani. Gabriel García Márquez wa Kolombia, aliyefariki 2014, alisema wazi kwamba riwaya yake ya mwisho haifai na iharibiwe. Alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2024 wanawe wawili waliichapisha, wakieleza katika dibaji kwamba baba yao, kwa maradhi yale yale yaliyomzuia kuimaliza, huenda alishindwa pia kuipima. Unaweza kuwapinga, na wengi wamewapinga. Lakini walilisema jambo mbele ya msomaji, ukurasa wa kwanza, jambo ambalo wasomaji wa kwanza wa Dickinson hawakupewa.

Barua ni jamii ya peke yake. Zile ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Mwandishi wa riwaya huandika akimtazama msomaji, hata kama msomaji huyo atachelewa miaka mingi. Barua ina msomaji mmoja, na huyo ndiye mwenye karatasi mkononi. Ulenge angeweza kuzichoma, kama Lavinia alivyochoma za Emily, na hakuna ambaye angemlaumu. Alizitunza, na leo tunaweza kumsoma Shaaban Robert akizungumza na mtu wa nyumbani kwake.