Sinki limeziba: kabla hujamwaga chochote, jua kilichoziba

Jumapili moja, baada ya pilau la wageni, sinki letu liligoma. Maji yalisimama na utando wa mafuta juu, punje za wali zikielea. Haikupita robo saa nikawa nimepewa dawa tano. Shemeji alitaja magadi na siki, jirani akataja soda ya kola, mama mkwe akasimamia maji ya moto. Kila mtu alikuwa na kitu cha kumwaga, ila hakuna aliyeuliza mle ndani kuna nini.

Magadi soda na siki ndiyo dawa inayopendwa kuliko zote, maana ina povu, na povu linatia moyo. Lakini povu lile ni gesi ya kaboni dioksidi, ileile iliyomo kwenye soda ya chupa. Magadi na siki vinamalizana vyenyewe, kinachobaki ni maji ya chumvichumvi yasiyo na nguvu ya kuyeyusha mafuta wala nywele. Na kwa kuwa mdomo wa sinki uko wazi, gesi inapanda zake juu, haisukumi kitu. Ukiona maji yamepungua, shukuru lile birika la maji ya moto ulilomwaga mwishoni. Kola nayo ina asidi kidogo, inang'arisha sarafu, lakini mafuta yaliyoganda haiyawezi.

Mama mkwe basi alikuwa sahihi? Nusu. Maji ya moto huyeyusha mafuta kweli, tatizo ni yanakoishia. Yanateremka kidogo, yanapoa, yanaganda tena mbele zaidi, mahali ambapo mkono haufiki. Halafu mabomba ya nyumba nyingi siku hizi ni ya plastiki ya PVC, ambayo huanza kulegea maji yanapozidi nyuzi joto 60 hivi. Birika linalochemka, likimwagwa mara kwa mara, linaweza kupindisha bomba na kufanya viungio vivuje. Acha yapoe kwanza, changanya na sabuni ya maji, mwaga mengi kwa mkupuo.

Kostiki, ile wanayotengenezea sabuni, ni habari nyingine. Yenyewe inafanya kazi kweli: inageuza mafuta kuwa sabuni na inakula nywele. Wanaoisifia husahau mambo mawili. Kwanza, ikikutana na maji hutoa joto kali. Ukitia chembe zake nyingi kwenye bomba lenye maji kidogo, zinaweza kurusha maji yanayochemka usoni, au kugandamana humohumo zikawa kama jiwe. Niliwahi kumwona fundi akifanya hivyo kwenye nyumba ya kupanga. Kesho yake tulikata bomba kwa msumeno. Pili, jicho likipatwa na kostiki, dakika chache tu zinatosha kulipofua. Anayeitumia huvaa glavu na miwani, huitia kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, tena kidogokidogo na kwenye ndoo ya plastiki, maana sufuria ya alumini italiwa.

Wapo wanaosema dawa moja ikishindwa, ongeza nyingine juu yake. Hapa sina mzaha. Dawa ya kuondoa madoa yenye klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, au hata na siki, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kostiki ikikutana na maji ya betri huchemka na kuruka. Ukiita fundi, mwambie ulichomwaga kabla hajaingiza mkono.

Na hata dawa kali kuliko zote haiyeyushi mchanga. Ukisugua masufuria kwa mchanga au majivu, ukimwaga machicha ya nazi na majani ya chai, huo ni mzigo wa kutolewa kwa mkono.

Pampu ya mpira ndiyo wengi wanaidharau, kwa sababu wanaitumia vibaya. Wanaibonyeza kwenye sinki kavu. Mpira unatakiwa ufunikwe na maji, na lile tundu dogo la juu ubavuni mwa sinki lizibwe kwa kitambaa kibichi, la sivyo upepo wote unapotelea huko. Ukivuta, vuta kwa nguvu ileile ya kusukuma; mara nyingi kuvuta ndiko kunakolegeza uchafu.

Pampu iliposhindwa, niliweka ndoo chini ya lile bomba lililopinda kama herufi U. Nati zake ni za plastiki, zinafunguka kwa mkono. Maji meusi yalishuka kwa harufu ambayo siwezi kuielezea watu wakiwa mezani, yakafuatwa na donge jeupe la mafuta, gumu kama sabuni ya mche. Nililipasua kwa kijiti: machicha, mchanga, na katikati uzi wa stilwaya uliokuwa umevishika vyote pamoja. Nikasafisha, nikaangalia ringi ya mpira isiwe imepinda, nikafunga. Nusu saa, na ringi hazikuharibika.

Lakini kama bafu, choo na sinki vyote vinasuasua siku moja, usihangaike na U ya jikoni. Fungua chemba ya nje. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele yake, pengine shimo lenyewe. Huko ndiko kostiki na klorini zinakofanya hasara nyingine, maana zinaua bakteria wanaoozesha uchafu shimoni.

Harufu nayo si lazima imaanishe bomba limeziba. Ile U hushika maji ili hewa ya shimo isipande, na kwenye choo cha wageni kisichotumika maji hayo hukauka. Mwaga jagi moja la maji, subiri.