Hakuna aliyewabunia viziwi lugha ya alama

Kila semina hapa Mwanza lazima mtu asimame aseme lugha ya alama ilibuniwa na padri wa Kifaransa, kisha wazungu wakatuletea. Inachosha, na inawanyang'anya viziwi kazi yao wenyewe.

Padri de l'Épée alianzisha shule Paris miaka ya 1760, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini mwaka 1779 Pierre Desloges, kiziwi mfunga vitabu, alichapisha maelezo kwamba viziwi wa mji ule walizungumza kwa alama wao kwa wao, hata wasiosoma shule. Alichobuni padri ni alama za ziada za kubeba sarufi ya Kifaransa, na hizo ndizo zilizokufa.

Lugha huzaliwa viziwi wanapokutana, hasa wakiwa watoto. Mtoto kiziwi aliye peke yake kisiwani Kome hutengeneza ishara na mama yake: kula, kulala, ziwani. Je, hiyo ni lugha? Vitabu huchora mpaka mnyoofu kati ya ishara za nyumbani na lugha. Mimi siuoni ukiwa mnyoofu hivyo, maana ishara hizo nazo huwa na mpangilio.

Tazama Managua, Nicaragua. Shule ilifunguliwa 1977, walimu wakakazania Kihispania na kusoma midomo. Watoto wakaunda lugha yao uwanjani na ndani ya basi. Sasa fikiria jiwe linabingirika kutoka mlimani Igogo. Msimuliaji anayesikia huzungusha mkono huku akiushusha, vyote kwa pamoja. Watoto wa Managua waliojiunga baadaye walivitenganisha: alama ya kubingirika, kisha alama ya kushuka. Ukishavitenganisha, alama ya "kushuka" unaweza kuiunganisha na ya kutembea, kuruka au kuanguka. Hiyo ni sarufi, na hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, 1880, uliamua alama ziondolewe madarasani. Mabwenini ziliendelea.

Kwetu, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Zilizofuata zilikuza alama zao, na za Kimarekani nazo zikaingia, ndiyo maana Lugha ya Alama ya Tanzania inatofautiana shule kwa shule. Kwa hiyo mkalimani anayetoka Dar es Salaam afike Mwanza mapema, akae na washiriki viziwi, walinganishe alama za mada ya siku hiyo. Zikitofautiana, afuate za kwao, asiwasahihishe.