Je, wajua kwa nini jinzi nzito hutoboka kabla hujamaliza kuburuzika?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ubora wa suruali ya pikipiki ni uzito wake. Jinzi ikianuliwa kambani ikasimama yenyewe kama mlinzi, basi hiyo itanikinga. Imani hiyo iliniponyoka asubuhi moja karibu na Gede, mahali ambapo mchanga wa kando ulikuwa umemwagika juu ya lami. Sikuwa na mbio, mshale ulikuwa chini ya 40. Nilipoinuka, jinzi ilikuwa na tundu gotini na jingine nyongani, na kila tundu limeota nyuzi nyeupe pembeni kama ndevu za mzee. Nikasema ni feki. Nikaenda kununua nyingine, nzito zaidi.

Haikuwa feki. Ilikuwa jinzi nzuri tu, ikifanya kile ambacho pamba hufanya.

Kwanza hesabu kidogo. Mwili ukiburuzika juu ya lami kavu, msuguano huwa takriban sehemu saba kwa kumi za uzito wako. Kwa kadirio hilo, aliyeanguka akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa husafiri kama mita 14, kwa muda wa sekunde 2. Kwenye 80 ni mita 36 na sekunde 3 na ushei. Barabarani mambo hubadilika, kwa kuwa kuna mchanga, kuna kubingirika, kuna ukingo wa lami. Lakini chukua hizo sekunde 2. Kipimo cha zamani cha Ulaya, EN 13595, kiliangusha kipande cha kitambaa juu ya mkanda wa msasa unaokimbia mita 8 kwa sekunde, na sehemu za hatari zaidi zilitakiwa kudumu sekunde 4 ili kufuzu daraja la kwanza. Jinzi ya pamba tupu, tabaka moja, kwa kawaida hutoboka ndani ya sekunde moja hivi.

Kwa nini mapema hivyo? Hapa ndipo nilipokosea kabisa, kwa sababu nilidhani lami hupiga pasi. Lami hukuna. Itazame kwa karibu: ni kokoto zenye ncha maelfu, mbuzi ya kukunia nazi iliyolazwa kutoka Malindi hadi Mombasa. Na mbuzi haishindani na ugumu wa nazi. Kila jino linachukua chembe yake na kupita, linalofuata nalo linachukua yake. Unene unakupa nyama zaidi ya kukunwa, basi. Linaloamua ni jinsi uzi mmoja unavyolipokea jino moja.

Chukua kamba ya usumba. Hakuna unyuzi hata mmoja wa makumbi unaotoka ncha hii ya kamba hadi ile. Zote ni fupi, zinashikana kwa kusokotwa tu. Ukikata chache katikati, jirani zake hukosa wa kumshika, huchomoka zima zima, na kamba hufumuka palepale. Pamba ni usumba wa aina yake: unyuzi wake huwa wa sentimita 3 hivi. Zile ndevu nyeupe gotini kwangu nyingi hazikuwa zimekatika. Zilikuwa zimechomoka.

Sasa shika mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Ni unyuzi mmoja mwanzo hadi mwisho, na ukiuvuta hunyooka kwanza kabla ya kukatika. Jino la lami likiukwaruza, mara nyingi hupita na kuuacha na jeraha, uzi ukabaki. Ndiyo maana suruali ya nailoni iliyofumwa vizuri, nyembamba kuliko jinzi, huweza kuishi zaidi yake. Jambo hili lilinifurahisha kuliko inavyostahili mtu aliyechubuka.

Usikimbilie traki ya kuchezea mpira, lakini. Nailoni na poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 220 hadi 265 hivi, na kitambaa chepesi kikiyeyuka kitakuganda ngozini. Kinachofaa ni nailoni nzito yenye bitana ndani. Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wa mita 9,000. Kwa magoti, nyonga na makalio tafuta 500 kwenda juu. Aramidi, uzi wa kiwandani wa jamii ya Kevlar aliyoivumbua Stephanie Kwolek mwaka 1965, haiyeyuki, ila jua huidhoofisha. Ianike kivulini.

Kwenye mitumba, geuza suruali usome lebo. Tangu 2020 kipimo kipya cha Ulaya, EN 17092, hutoa daraja A, AA na AAA. Sehemu za hatari hujaribiwa kwa kasi ya kilomita 45, 70 na 120 kwa saa, kwa mfuatano huo. Hata hivyo lebo si hirizi. Utafiti wa Australia wa 2011, uliowafuata waendeshaji 212 walioanguka, uliona nguo za kinga zikipunguza majeraha ya ngozi na nyama, lakini zaidi ya robo ya suruali hizo ziliharibika barabarani. Kuhusu mifupa, faida ilikuwa hafifu.

Ukiacha lami ukashika njia ya vumbi, habari ni nyingine. Huko huanguka polepole, na adui ni jiwe la gotini na miiba inayoshika kitambaa. Unahitaji kitambaa kisichochanika, mishono miwili au mitatu, matundu ya hewa nyuma ya paja (jasho la Malindi ni lilelile), na pedi ya goti. Suruali moja kwa kazi zote mbili ipo, ila mjini itakuchosha kwa joto.

Pedi hiyo usiijaribu umesimama. Ukisimama, kila pedi inakaa gotini. Panda benchi la muuzaji kama unavyopanda pikipiki, kunja miguu, kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Mara nyingi utaikuta imepanda pajani.