Je, wajua kwa nini waya wa seriali ulionyamaza huwa na volti 5?

Chukua bodi ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) inayotumia volti 5, washa seriali yake, yaani njia ya kutuma data biti moja baada ya nyingine, bila kutuma hata herufi moja, kisha pima kwa multimita kati ya pini ya TX (ya kutuma) na GND (ya volti 0). Utasoma karibu volti 5. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilijua, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba pini imeshikana na njia ya umeme wa bodi. Nikaondoa lehemu, nikalehemu upya, nikapima tena. 5.

Lehemu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kichwani mwangu. Niliuona waya wa data kama bomba: habari ikipita kuna maji, isipopita ni pakavu. Kumbe nilichanganya mambo mawili, kutosema na kutokuwa na umeme. Katika UART, yaani sehemu ya chipu inayotuma na kupokea seriali, waya ambao hausemi kitu hushikiliwa kwenye 1, na hiyo 1 ni volti za juu. Anayetaka kusema huanza kwa kuushusha.

Fikiria watu wawili gizani, kila mmoja ameshika ncha ya kamba iliyovutwa ikakaza. Kamba ikiwa imekaza, wote wanajua mwenzao yupo, hana la kusema tu. Mmoja akiilegeza ghafla, mwingine anaanza kuhesabu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila biti huchukua takriban maikrosekunde 104. Mpokeaji husubiri biti moja na nusu tangu kamba ilegee, ili asome biti ya kwanza ya data ikiwa katikati, mbali na kingo zake. Kisha husoma kila baada ya 104 nyingine, hadi zitimie biti nane. Mwishoni kamba hukazwa tena, maana kamba iliyokwisha kulegea huwezi kuilegeza.

Ila kiufundi ingewezekana kabisa kugeuza: kimya kiwe 0, kuanza kuwe 1. Mpango wa kimya kuwa 1 una asili yake katika teleprinta za zamani, mashine za kuandika ujumbe uliotumwa kwa waya, ambazo mkondo wa umeme ulipita kwenye waya muda wote wa kimya. Waya ukikatika, mkondo ulikoma na mashine ikaanza kugongagonga yenyewe bila kuandika kitu. Kila aliyekuwa chumbani alijua. Chipu za leo zimerithi tabia bila kurithi kinga yote: pini ya kupokea iliyoachwa wazi huelea, na huweza kusoma takataka, ndiyo maana huwekewa kizuizi cha kuivuta juu.

RS-232, kiwango cha mawasiliano ya seriali cha mwaka 1960, kinaipeleka hoja mbali zaidi. Humo 1 ni volti hasi, kati ya -3 na -15, na 0 ni chanya, kati ya +3 na +15. Waya ulionyamaza ni hasi, na volti 0 haina maana yoyote: si 0, si 1. Aliyenyamaza na aliyekufa hawafanani hata kidogo. (Usiunganishe waya huo moja kwa moja na mikrokontrola, katikati huwekwa chipu kama MAX232, inayobadilisha volti na kuzigeuza pia.)

Hata kwenye bodi, 1 si namba moja ya volti bali ni eneo. ATmega328P, mikrokontrola mojawapo, ikiwa kwenye volti 5 inahakikisha kusoma 1 kuanzia volti 3.0, na 0 chini ya 1.5. Kwa hiyo hukubali 3.3 kutoka chipu nyingine, ingawa kwa nafasi finyu. Kinyume chake, kusukuma 5 kwenye pini ya chipu ya 3.3, ni njia nzuri ya kuiua, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba inavumilia.

Sasa rudisha mita kwenye TX na utume herufi U mfululizo, bila mapengo. Ukihesabu biti ya kuanzia na ya kumalizia, U ni 0 na 1 zinazopokezana, tano kwa tano. Mita itasoma karibu 2.5, volti ambayo ATmega328P haiahidi kuisoma kama 0 wala kama 1. Na waya huo hautulii kwenye 2.5 hata kwa maikrosekunde moja. Mita inapiga wastani tu.